Namba Tisa

Wabiwa alirudi likizo kutoka Brisbeni
na simu imejaa kangaruu:
kangaruu kando ya lami, kangaruu kiwanjani,
mmoja kasimama nyuma ya nyumba, mikono kifuani,
kama mdai aliyefuata pesa yake.
Tulicheka barazani kwao, Nguba,
sahani ya sambaza katikati,
hadi Cikuru, ambaye mdomo wake hauna mlango, akauliza:
"Na wa kwetu je? Wa hapa umemwona nani?"

Wabiwa akatafuna. Akafikiri.
"Mbuzi," akasema.

Gorila wa Kahuzi tunaye ukutani,
amechorwa kwenye kinyozi cha Nyawera, ana meno ya binadamu.
Kumwona mwenyewe ni dola,
na njia ya huko siku hizi haina adabu.
Basi tukawekeana sheria, sisi wanne:
wa bure tu, wa njiani tu,
na mnyama asiyeonwa na wawili hahesabiwi.
Nshokano akaleta daftari la hesabu la mdogo wake,
akageuza nyuma, palipokuwa safi.

Wa kwanza alijiandikisha mwenyewe:
mwewe, pale Feu Rouge,
alishuka akachukua andazi mkononi mwa Cikuru
bila hodi, bila asante,
na mama muuzaji akasema, "Huyo ni mteja wangu wa kila siku."

Kisha kunguru mwenye fulana nyeupe.
Kisha mdiria juu ya ziwa,
ananing'inia hewani kama aliyefungwa uzi,
halafu uzi ukakatwa.
Mnandi kwenye mtumbwi uliooza, ameanika mbawa
kama nguo za Jumamosi.

Huko Muhumba kinyonga alikuwa anavuka barabara.
Wabiwa aliganda. Bibi yake alimwambia zamani
usimguse, usimpite, usimwite jina.
Nshokano akasimama katikati, akanyoosha mkono,
akazuia pikipiki mbili na gari la mbao.
Dereva alitutukana kwa lugha tatu.
Kinyonga alipiga hatua, akairudia kichwani,
akaipiga tena.
Hatujawahi kumngoja waziri hivyo.

Kwarara alipopita akipiga kelele yake ya ugomvi,
Wabiwa aliruka: "Huyu namjua!
Kule yuko binamu yake, mweupe, shingo nyeusi,
anakula kwenye mapipa ya takataka."
Akanyamaza kidogo.
"Siku ya kwanza nilipomwona, nililia.
Nilidhani ni huyu ameugua."

Hatukujua la kusema. Cikuru akampa andazi lililobaki.

Wa saba na wa nane sisemi, waliletwa kwa ugomvi
na daftari lilitoboka kwa kufutwa kwa mate.

Wa tisa ni fisi maji.
Tulimngoja jioni tatu, miguu majini,
na jioni ya mwisho kichwa kilitokeza mbali, cheusi, kimya.
"Ndiye!" akasema Wabiwa.
"Bidoni," akasema Cikuru.
Kikazama. Bidoni pia huzama.
Nshokano aliandika 9, akaacha mstari mtupu.

Kesho yake alivuka Ruzizi
akikokota sanduku lake la magurudumu.

Mwezi wa pili bomba lilikauka mtaani.
Nilishuka ziwani alfajiri, bidoni mkononi, bidoni ya kweli,
na hatua kumi mbele yangu akatokeza:
masharubu, shingo yenye madoa,
samaki ameshikwa kwa mikono miwili
kama mtoto na hindi la kuchoma.
Alinitazama. Akaendelea kula.

Nilikuwa peke yangu. Na sheria ni sheria.

Nikamwandikia Wabiwa: "Namba tisa."
Kwake ulikuwa mchana, yuko zamu,
kwa wazee anaowaogesha.
Jibu lilifika kabla bidoni haijajaa:
"Nimemwona."